Muulize Fundi: Nyaya zinaning'inia, na wageni wa posa wako njiani

Barua za mwezi huu zimefanana kama zimeandikwa na mtu mmoja: nyaya za nje nje, nyaya za juujuu, nyaya zinazotia aibu. Nimechagua moja nikae nayo. Tatu nyingine nazijibu mwishoni, kwa kifupi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata Kimanga. Mwaka juzi tuliongeza chumba kikubwa kwa nyuma, tumekigeuza cha kulia na kukaa wageni. Fundi aliyetuwekea umeme alichomoa kwenye soketi ya sebuleni, akapandisha waya ukutani, akapita juu ya fremu ya mlango, akatoboa ukuta na kuingia chumba kipya. Humo nako akazungusha juujuu kwa klipu mpaka kwenye soketi tatu na taa mbili. Waya ni ule mweupe bapa. Sasa umeanza unjano, na klipu zimeng'oka unaning'inia kama kamba ya kuanikia. Huko tuna friji ndogo, tunapiga pasi na kuchemsha chai kwa birika la umeme. Sebule ilishapakwa rangi vizuri, chumba kipya kina lipu tu. Mwishoni mwa mwezi ujao wageni wa posa ya binti yangu wa kwanza wanakuja. Mume wangu anasema tuchimbe kuta zote tuufukie. Shemeji anasema tununue trankingi za plastiki zenye gundi, zile za kufichia waya, kazi ya jioni moja. Mimi nataka usionekane tu. Nimsikilize nani?

FUNDI: Marahaba mwanangu, na hongera kwa binti. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote jicho limekwama mahali pamoja: "alichomoa kwenye soketi ya sebuleni." Mumeo na shemeji yako wanabishana namna ya kuuficha waya ambao haukutakiwa kuwepo. Kwa sasa waya huo una fadhila moja, nayo ni kuonekana. Ukianza kuiva, mtu ataona rangi inabadilika au atasikia harufu. Mkiufukia kwenye lipu, hata fadhila hiyo mmeizika.

Kwanza muukague. Jumamosi asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, zimeni meni swichi yenyewe, msizime breka moja mkajiona mko salama. Chomekeni taa ya mezani mnayojua ni nzima kwenye kila soketi ya chumba kipya, mhakikishe zimekufa. Kisha panda kiti uangalie ganda la waya. Kuna maandishi madogo yamegandamizwa kwenye plastiki; ukiyamulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni yanasomeka. Unatafuta namba, 1.5 au 2.5. Huo ndio unene wa shaba iliyomo, kwa milimita za mraba. Wa 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi. Ukikuta hakuna maandishi kabisa, uhesabu kuwa mbovu na usijisumbue. Madukani kuna waya ambao ukiukwangua kwa kisu wekundu unatoka, ndani kunabaki kweupe: ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na anayeuziwa anadhani kapata cha bei nafuu.

Na huo unjano, uangalie umekaa wapi. Ukiwa sawasawa mwili mzima, ni jua, umri na moshi wa jikoni. Ukiwa umejikusanya karibu na soketi, hasa ile ya birika, hilo ni joto.

Tufanye hesabu ya asubuhi moja nyumbani kwako. Birika la wati 2000, kwa umeme wetu wa volti 230, linavuta karibu ampea 9. Pasi ya wati 1000 inavuta 4 na ushee. Friji na chaja za simu, weka mbili kwa pamoja. Watoto wanajiandaa kwenda shule, vyote vinawaka, mko kwenye 15. Waya wa 1.5 uliofukiwa ukutani hapo umefika mwisho wa pumzi yake. Na breka ya soketi za sebuleni, katika nyumba nyingi ninazoingia, ni ya ampea 20 au 32. Breka hiyo haina habari kwamba huko mbele mtu aliunga waya mwembamba. Itakaa kimya, waya unaiva. Watu wengi wanadhani breka inalinda friji. Breka inalinda waya, na kwenu haujalindwa.

Hata ukikuta ni 2.5, bado siridhiki. Chumba kizima kimening'inizwa kwenye viskrubu vya nyuma ya soketi moja ya zamani. Kiskrubu kikilegea kidogo, na kwa hewa yetu hii ya chumvi na unyevu shaba ikaota ukungu wa kijani, hapo ndipo panapochemka.

Kwa hiyo ng'oeni. Chumba kipya kipate njia yake kutoka meni swichi: waya wa 2.5 wenye ethi, yaani waya wa ardhini, kwa ajili ya soketi, chini ya breka yake ya ampea 16, na waya wa 1.5 kwa taa, breka ya 6 au 10. Fundi ataangalia kama boksi lenu lina nafasi tupu. Papo hapo mwulize kama mna RCD ya miliampea 30, ile breka pana yenye kitufe cha kujaribia, inayokata umeme ukivuja kupitia mwili wa mtu. Kama haipo, hamtapata siku nzuri zaidi ya kuiweka. Upande wa mita ya LUKU asiguse. Lakiri ile ni ya TANESCO. Na huyo fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, aioneshe kabla hajashika bisibisi. Nyie mko tayari kumwomba mshenga barua, fundi mnamwonea haya?

Sasa tuje kwenye kuficha.

Sebule msiiguse. Rangi ni nzuri, lipu limekauka, hakuna sababu ya kuingiza grenda humo. Vumbi lake mtalifuta mpaka siku ya harusi. Njia ya nyaya ni juu ya dari. Kutoka meni swichi ukutani kupanda hadi darini ni mita moja na kitu hivi, kipande hicho mpe shemeji yako na trankingi yake. Ikipandishwa wima kabisa kwenye kona na kupakwa rangi ya ukuta, mgeni hataiona. Sharti ni ifungwe kwa skrubu na fisha, kile kiplastiki kinachotangulia tunduni. Gundi ile ya mgongoni hushika vizuri mwezi wa kwanza, halafu masika ikiingia, ukuta ukitoa jasho, trankingi inaachia usiku kwa kishindo na nyumba nzima mnaamka mkidhani ni mwizi.

Juu ya dari, nyaya ziingie kwenye bomba la plastiki la umeme, konduti, lililofungwa kwenye kenchi. Zisilazwe wazi juu ya bodi. Sababu ya kwanza ni panya. Nimefungua madari Kinondoni na Temeke nikakuta shaba iko uchi kwa urefu wa kiganja, meno yanaonekana. Sababu ya pili inanihusu zaidi mimi ninayepanda huko kuliko wewe unayekaa chini: joto. Chini ya bati, mchana wa Januari, pale juu si mahali pa kukaa binadamu, na waya nao unahisi. Waya wa kawaida wa PVC ukiwa kwenye joto la nyuzi 50, uwezo wake unashuka hadi kama sehemu saba za kumi. Ndiyo maana nimesema 2.5 kwa breka ya 16 na sikusema zaidi. Msizipakie nyaya za njia tatu nne kwenye bomba moja jembamba. Zikiingia kwa kusukumwa na kuvutwa na watu wawili, ni nyingi mno. Bomba lenye afya lina nafasi kuliko nyaya.

Kuvuka kutoka nyumba ya zamani kwenda chumba kipya ndipo mafundi wengi wanapokosea. Tazama pale ukuta mpya ulipokutana na wa zamani. Naweka dau kuna ufa mwembamba kutoka juu hadi chini, na mmeshauziba mara moja ukarudi. Msingi mpya unakaa taratibu, wa zamani ulishakaa miaka mingi, basi kuta zinaachana kidogo. Konduti ngumu ikifukiwa ikapita juu ya ufa huo, itakatika kama biskuti, na ukingo wake utaanza kuusugua waya. Pavukeni juu ya linta, ndani ya bomba fupi lililopenya ukuta, na kwenye maungio fundi aweke kipande cha konduti laini inayopinda, waya ukiwa na ulegevu wa shubiri moja. Linta yenyewe isikatwe hata kidogo, na mtu asikuambie "nondo moja tu."

Ndani ya chumba kipya mumeo apewe haki yake. Kuna lipu tu, hakuna rangi, chimbeni. Lakini wima. Kila soketi ipate mfereji wake unaoshuka moja kwa moja kutoka darini. Tofali la inchi 6 ni sentimita 15. Mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene huo, yaani sentimita 5, na wa kulala usizidi sehemu moja ya sita, sentimita 2 na nusu. Bomba la milimita 20 pamoja na lipu la kulifunika halitoshi kwenye mfereji wa kulala, kwa hiyo asije mtu akazungusha mkanda wa mfereji chumba kizima. Atakuwa ameukata ukuta kiuno. Kama tofali zenu ni za inchi 5, au ni zile zenye matundu, punguzeni zaidi, na soketi mbili zisipeane migongo kwenye ukuta mmoja.

Na kwa nini wima? Mwaka 1994, nikiwa bado mbichi, nilifunga umeme kwenye nyumba moja Magomeni. Ili nibanie waya usiofika mita mbili, nilikata mfereji wa mshazari kutoka swichi ya taa hadi soketi, nikafukia, lipu likapita, nikalipwa nikaondoka. Miezi kadhaa baadaye mwenye nyumba akanunua saa ya ukutani. Mahali pazuri pa saa ni katikati ya ukuta, na katikati ya ukuta nilikuwa nimepita mimi. Alipona kwa kuwa nyundo ilikuwa na mpini wa mti na mkono wake haukugusa chuma. Niliitwa, nikaenda na kichwa chini, nikachimba upya bila malipo. Msumari ule ninao hadi leo kwenye boksi la vifaa, ncha imeliwa kama penseli iliyotafunwa na mtoto. Vijana ninaowafundisha nawaonesha huo kabla sijawapa testa.

Waya unaoshuka wima juu ya soketi, mtu yeyote anayeiona soketi anajua asipigilie msumari pale. Njia nyingine inayokubalika ni sentimita 15 za mwisho karibu na kona au karibu na dari. Nje ya hapo ni mtego.

Kazi yenyewe iende hivi. Fundi apige mistari miwili kwa grenda, upana wa bomba na kidole kimoja, kisha atoe katikati kwa tindo na nyundo, polepole; mwenye haraka huangusha lipu la mita nzima. Mkataze kupinda konduti kwa moto wa karatasi. Bomba likipindwa kwa moto linabonyea tumboni, nyaya zinakwama pale, na kijana ataanza kuzivuta kwa nguvu mpaka ganda lichunike. Kuna springi ya kupindia, na kuna bendi za dukani. Ukienda Kariakoo hukosi. Bomba likishakaa lishikwe kwa misumari pembeni, boksi la soketi liwekwe kwa pima maji. Lile la kupinda kwa digrii mbili litakukera kila ukikaa kunywa chai.

Kabla lipu halijarudi, mambo mawili. Nyaya zipimwe kwa mega, mashine ya kupima kama umeme unavuja kati ya waya na waya, kwa volti 500. Fundi akuoneshe kisomo kwa macho yako. Chini ya megaohmu 1 hapafukiwi kitu, na waya mpya wenye afya utaona uko juu mno ya hapo. Pili, chukua simu yako upige picha kila ukuta, futikamba ikiwa imenyooshwa kutoka kona hadi kwenye mfereji ili namba zionekane. Mtumie na mumeo. Simu huibiwa kwenye daladala, na picha zikawa nazo zimekwenda Gongo la Mboto.

Lipu la kuziba limwagiwe maji siku kadhaa, liachwe likauke kabla ya rangi. Rangi ya mafuta msiiguse sasa hivi, itafura mapovu juu ya saruji mbichi. Pakeni ya maji. Ukihesabu na wageni wako wa mwisho wa mwezi ujao, fundi aanze wiki hii, mkisubiri wiki ya mwisho mtawapokea na alama za mifereji ukutani kama makovu.

Kidogo tu kuhusu birika: liwe karibu na soketi, lisiunganishwe kwa ekstensheni. Ule waya mweusi unaovuka chini ya meza nao wageni wanauona.

SWALI: Fundi, mimi ni mpangaji Sinza. Mwenye nyumba hataki ukuta uguswe hata kwa msumari. Nimetundika televisheni kwenye stendi, nyuma yake kuna nyaya nne zinashuka kama mizizi ya mwembe. Nimejaribu kuzipitisha chini ya zulia, ni sawa?

FUNDI: Zitoe chini ya zulia leo. Pale waya hauna pa kutolea joto, na kila anayepita anaukanyaga mpaka ganda linapasuka bila mtu kuona. Nyaya ndefu zisikunjwe donge na kukazwa kwa kamba, hasa ya ekstensheni iliyobeba vitu vingi. Nunua mrija wa plastiki uliopasuliwa ubavu, uzikusanye pamoja, uzishushe nyuma ya mguu wa stendi. Trankingi ya gundi unaweza kubandika juu ya rangi ya mafuta. Kama ukuta ni wa chokaa, gundi itashika vumbi, haitashika ukuta. Jaribu kwa kiganja: kikitoka cheupe, achana nayo. Au mwombe mwenye nyumba skrubu nne kwa makubaliano kwamba utaziba matundu ukihama. Wengi hukubali wakiona umekuja na futikamba.

SWALI: Nipo Kigamboni. Nimejenga banda la kuku uani, waya nimeupitisha juu ya ukuta wa uzio. Sasa ganda linapasuka na kumeguka. Niufunike na bomba tu?

FUNDI: Hapana bwana, huo umekwisha. Waya mweupe wa ndani haukutengenezwa kwa jua; mwaka mmoja miwili juu ya uzio unakuwa mkavu kama ganda la karanga, na huko kwenu hewa ya bahari inaingia kwenye kila ufa. Weka kebo yenye ganda la nyaya za chuma, uifukie ardhini nusu mita au zaidi, chini mchanga usio na mawe, juu yake utepe wa alama ili atakayekuja kuchimba shimo la mgomba ashtuke kabla jembe halijafika. Iwe na breka yake na RCD. Kuku wanamwaga maji, na wewe unaingia humo na ndala.

SWALI: Nataka kupitisha waya wa intaneti na wa king'amuzi kwenye bomba moja na umeme ili nisichimbe mara mbili. Inaruhusiwa? Msomaji, Ukonga.

FUNDI: Hairuhusiwi. Waya wa king'amuzi una ganda jembamba, haukutengenezwa kubeba volti 230. Umeme ukivuja humo ndani unaibukia kwenye televisheni na mkononi mwa mtoto anayeichomeka. Chimba mfereji mmoja mpana kidogo ukitaka, lakini mabomba yawe mawili, na masanduku yake mawili. La intaneti liache na uzi wa nailoni ndani, maana waya huo utaubadilisha kabla rangi haijachakaa.